Bazazi Makumi Tatu na Mbili

Kasungami, tarehe 9 mwezi wa tatu

Yaya yangu Léonard, ndugu yangu mukubwa,

Jambo sana kwako huko Mitwaba, kwa muke wako Virginie na kwa batoto. Mugongo yako iko namna gani sasa? Mihogo ilitoka muzuri? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatuchunga. Paka roho yangu tu njo inawaka, na leo nitakuambia yote.

Unayua ile kalasi ya bantu bakubwa benye hawakusoma, mu kanisa yetu, kwenye ninakuambiaka kama ninasaidia mwalimu Kunda. Siku moya, Kunda alikuwa ku kilio Likasi, akafika bwana wa biro ya serikali, na cravate yake mu shingo. Alisema serikali iko natengeneza plan ya masomo ya inchi yote, na yeye iko nahesabu banafunzi. Bamama balipiga makofi! Akatoa karatasi ya Kifaransa, kila muntu atie jina. Yaya, bale bantu zamani balikuwa banaweka paka kidole tu mu wino. Siku ile bote baliandika, hata koko Mwenze wa miaka sabini, ulimi inje kwa bidii.

Kumbe! Kunda alirudi, akasoma kopi yenye bwana alituachia: iliandikwa kama ni mukutano ya bazazi, ba baba na ba mama ya banafunzi. Bazazi makumi tatu na mbili! Akaenda kuuliza ku biro. Balimujibu kama mu plan hakuna fasi ya mwanafunzi mwenye iko na bajukuu, na kama sisi benyewe tulitia majina. Sababu kalasi haina banafunzi, mwezi kesho Kunda banamutuma fasi ingine.

Eh Maria! Muntu alinyimwa masomo mu butoto, banamunyima tena mu buzee, na banamufanya akubali kwa mukono yake mwenyewe! Huyu bwana hana mama?

Sasa, Yaya, unisamehe. Ule bwana wa biro aliniuliza kama nilisoma ile karatasi. Juu ya kuona haya nikajibu ndiyo, nikatia jina wa kwanza, bote bakanifuata. Sikuelewa hata neno. Simusaidiake Kunda: niko mwanafunzi yake. Barua zote ulipata, jirani Myriam njo aliandika. Hii ni ya kwanza ya mukono yangu, usicheke makosa.

Kesho tunaenda ku biro bote, kila muntu na barua yenye ameandika yeye mwenyewe. Tutazisoma na sauti mbele ya ile cravate.

Usalimie bantu bote ya nyumba. Mungu akulinde.

Ndugu yako,
Hortense Katongo

Hii nimeisoma mara mbili mbele ya kutia jina.