Chumba cha Uani

Baba Watoto na wanangu,

Maharage yapo jikoni, yachemsheni tena kabla ya kula. Gesi ifungeni. Mwenye soksi zake juu ya kochi anajijua.

Nimekwenda hospitali kumjibu daktari kuhusu ile dawa ya mionzi. ~~Namwambia ndiyo.~~ Nimefuta, mmeona. Alipiga simu asubuhi mkiwa bado mnakoroma. Kasema saratani ilikuwa ndogo na waliitoa yote waliponipasua shingo. Dawa haitaongeza kitu kikubwa, nikiwa napimwa damu inatosha. Uamuzi ni wangu.

Basi ile “ndiyo” niliyoifuta ilitoka wapi? Mlishaniandalia chumba cha uani nijitenge nikishaimeza, mionzi ya mwilini mwangu isiwapate: godoro, pazia, sahani yangu peke yangu. Jana nikajilaza humo kukijaribu. Hakuna aliyeniuliza chaja iko wapi. Mlipita mlangoni mkinyata, utadhani ndani kuna mgonjwa wa kweli. Miaka yote hii sikujua kuwa nyumba hii ina ukimya.

Dawa naikataa. Chumba msikiguse. Mkinihitaji, bisheni hodi kwanza.

Mama yenu (na mkeo)