Jina Nilificha, Punda Nikawaacha

Shangazi Mutanu, pokea salamu kutoka huku kwetu Tulia. Mimi ni fundi wa baiskeli na katibu wa kamati yetu ya kulinda mto, na nakuandikia nikiwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja, kwa sababu tumeshinda, Shangazi, malori yaliyokuwa yakizoa mchanga wetu bila ruhusa yamefukuzwa, hii ni wiki ya tano hatujaona hata moja, visima vya mchangani vilivyokauka vimeanza kutoa maji tena, na sokoni watu wananisalimia kama mbunge.

Ushindi ulitokana na ripoti niliyopeleka ofisi ya kaunti. Watu walikuwa wakinitumia sauti kwa WhatsApp, kwa Kikamba, kila mmoja akieleza lori lilipita siku gani na lina namba gani, na mimi si karani, kwa hivyo nikawa naziandika na kuziweka kwa hiyo AI iliyo kwenye simu ya kamati, inanitafsiria, inanipangia tarehe, ikanipa ripoti ya Kiingereza kizuri hadi niliogopa kuitia sahihi.

Sasa Alhamisi tuna mkutano ukumbini na mwenyekiti wetu, Mzee Musyimi, anataka niwaonyeshe watu kwa projekta jinsi nilivyofanya. Simu ni ile ile, nenosiri kila mwanakamati analijua, na yote niliyoandika bado yamo. Majina nilifuta, Shangazi, naapa, lakini juzi nilisoma tena nikakuta nimeandika "mama mjane mwenye punda wawili, anauza uji karibu na mashine ya kusaga," na Tulia nzima mama wa hivyo ni mmoja, na ndiye aliyetupa karibu namba zote. Mwenye malori alishasema hadharani akimjua aliyemtaja atamchomea nyumba, na shemeji yake, Nzau, aliingia kwa kamati mwezi jana na anasema atakaa mbele kabisa. Nikikataa kuonyesha, wataniambia naringa. Nikionyesha, nimemuuza mama wa watu, na aliniambia wazi, "Kisilu mwanangu, mimi naongea na wewe peke yako." Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

MUTANU ANAJIBU

Kisilu, kwanza hongera. Umeyatoa malori mtoni ukiwa na simu na spana, na ningekuwa karibu ningekununulia soda. Kutumia AI si kosa. Kamati haikuwa na karani, ukajipatia karani, na maji yamerudi.

Sasa kaa chini nikuseme. Kwetu huku ni nani anayejulikana kwa jina? Mtu anajulikana kwa boma lake, mifugo yake na jinsi anavyokohoa kanisani. Ulifuta jina la mama huyo ukamwacha na kila kitu kingine. Na hukukoma, kwa maana katika barua yako kwangu ulimweleza upya hadi rangi ya geti lake, ambayo nimeikata, ukaniomba nisitaje jina lako ilhali umelitaja mwenyewe. Wasomaji wangu wajue basi kwamba huyu si Kisilu, hatoki Tulia, hajawahi kuziba pancha, na huyo mama hana punda hata mmoja. Majina yote ni ya kwangu. Hata kilichozolewa mtoni huenda si mchanga.

Alhamisi haikungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia siku barua ilipofika. Nilikwambia ubadilishe nenosiri, lijulikane na watu wawili tu. Ufute maandishi ya zamani, lakini ujue kwamba kilichoingia humo kimeshapita kwa kompyuta za watu usiowajua, na kukifuta kwa simu si hakika kimeisha kule. Kwa hivyo siri ya mtu isiingie tena. Andika "shahidi" na uishie hapo, kisha mpe Mzee Musyimi asome kwanza. Akitambua ni nani, bado hujaficha. Kile kitisho cha kuchoma nyumba kipelekwe polisi na kamati, si na mama. Na kabla ya hayo yote, uende kwake kwa miguu, umwambie ulichofanya.

Hilo la mwisho ulilinung'unikia sana kwa simu. Lakini ulienda, na kwa hilo nakuheshimu. Ulinieleza kwamba alikusikiliza hadi mwisho, akakugombeza mpaka uji ukapoa, halafu akasema, "Sasa umejua. Wakirudi, nitakuambia tena."

Alhamisi ukawaonyesha ripoti ya mbuzi wa kubuni aliyepotea sokoni. Ukumbi ulicheka, na Nzau pale mbele akaandika kwa daftari kila kitu kuhusu mbuzi. Kisha Mzee Musyimi akasimama, akaomba makofi kwa wote walioleta habari za malori, popote walipo. Mama alikuwa humo ndani, safu gani sitasema. Akapiga makofi pamoja na wengine, kwa nguvu, na hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka kumtazama.

Ripoti inayofuata iandike hivyo hivyo.