Vita vya Kitenzi “Take”

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Bugembe, nje kidogo ya Jinja, darasa la jioni. Leo nimefundisha kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, “take”, nacho kimenitoa jasho kuliko miaka yote mitatu ya chuo kikuu.

Kitenzi gani hiki! Kikiwa peke yake ni kuchukua, basi. Kipachike kijineno kidogo nyuma yake, nacho kinageuka bodaboda ya Mafubira: leo kimebeba abiria, kesho godoro, keshokutwa mbuzi.

Niliandika ubaoni: “take off” ni kuvua shati. Tena “take off” ni ndege kupaa. Apollo, dereva wa lori la Busia, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

“Mwalimu, sasa ndege ikipaa, inavua nini?”

Nikampuuza. Nikaendelea na “take in”: kumkaribisha mgeni nyumbani. Tena “take in”: kumtapeli. Hapo Beldina, muuza samaki wa Masese, akapiga kofi mezani.

“Woi! Kukaribisha na kutapeli ni neno moja? Hawa wazungu walituambia mapema kabisa, mwalimu. Ni sisi hatukushika!”

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka ndani kwa ndani, kama inavyompasa mtu mwenye shahada.

Nimefikia msimamo wa kitaaluma, nao ni huu: misemo ya namna hii haina mantiki hata chembe. Mtu aikariri kama anavyokariri majina ya ukoo, anyamaze. Nimeutangaza msimamo huo katika kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa Kiingereza, ambalo lina walimu, makarani na watu wasio na kazi kuanzia Jinja hadi Mbale. Humo najulikana kwa jina la Shahada. Halikupita hata tonge moja la chakula changu, mtu anayejiita Kalamu Nyekundu akajibu: Uongo. Keti chini.

Keti chini! Mimi!

Jumatano, 3 Septemba 2025

Kalamu Nyekundu anadai eti mantiki imo katika kile kijineno cha nyuma. “Off” ni kutengana, anasema: shati linatengana na mwili, ndege inatengana na ardhi. Nikamuuliza, je, na “take off” ya kumwigiza mtu? Nilidhani nimemfunga. Akajibu kwamba anayemwigiza mtu humbandua sura yake akaivaa yeye.

Hoja dhaifu. Dhaifu sana. Imeninyima usingizi wa mchana.

Nikamwandikia kwamba ubongo wake ni mzunguko wa barabara usio na njia ya kutokea. Masaba, karani mmoja wa Mbale ambaye hajawahi kutoa hoja tangu kundi lianze, akaweka vikaragosi saba vya kucheka. Nilifurahi.

Habari njema zaidi: Ramlah, mchumba wangu, amepiga simu. Wazazi wake wamekubali! Jumamosi ya tarehe ishirini nitakwenda Mbale na wazee wangu kujitambulisha rasmi. Baba yake, Mzee Umar, muuza matairi, hana tatizo na mtu. Mwenye neno ni mama yake, mwalimu mkuu mstaafu. Sijamwona hata siku moja, wala sitamwona. Kwao Bugisu ni kama kwetu Busoga, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani ana kwa ana, hawapeani mkono, hawasemezani. Atakuwa ndani, nyuma ya pazia. Maneno yake yataletwa na shangazi.

Mila iliyopitwa na wakati. Lakini siipingi mpaka niwe nimeoa.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Ushindi! Nimemwita Kalamu Nyekundu kisukuku, masalia ya enzi ya chaki, na kwamba kama aliwahi kufundisha basi wanafunzi wake wadai fidia. Yeye kaniita kuku aliyemeza kamusi.

Kuku aliyemeza kamusi. Si tusi baya. Nitalitumia mahali pengine.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Lazima niandike.

Ramlah amerudi kutoka kwao. Tulikaa kwenye kibanda cha rolex karibu na duka la dawa anakofanya kazi, chapati na mayai bado vinafuka moshi. Alikuwa mwenye furaha mno. Akaniambia mama yake amefufuka. Tangu astaafu alikuwa mtu wa kukaa barazani akihesabu malori, chakula anakionja tu. Sasa amepata burudani: kuna mjinga mmoja wa Jinja, katika kundi fulani la simu, ambaye mama anamchapa kila siku kuhusu Kiingereza.

“Ananitumia kila kitu nisome,” akasema. “Zubair, huyo mtu ni hayawani. Sikiliza!”

Akasoma. Mzunguko wa barabara usio na njia ya kutokea. Kisukuku. Masalia ya enzi ya chaki.

“Mama anasema akimpata atamchapa fimbo mbele ya gwaride. Mbona huli?”

Nikasema tumbo.

Namba niliyo nayo kwenye lile kundi ni laini yangu ya pili, ile ya bando. Ramlah haijui. Namshukuru Mungu na kampuni za simu.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimekwenda kwa Bogere, kinyozi wangu, bingwa wa mila zote za Busoga na nyingine anazozitunga mwenyewe. Nikamweleza kana kwamba ni mambo ya mtu mwingine. Hakudanganyika hata kidogo.

“Banange! Wewe natukana mama mkwe?” Akaweka wembe chini. “Bwana, mtu nagusa mama mkwe, napata buko, mkono natetemeka mpaka kufa. Hiyo ni kugusa tu. Wewe natukana! Wewe tatetemeka mpaka masikio.”

Nikamjibu kisomi. Nikamwambia kwamba mila inakataza kukutana, na ujumbe wa simu si kukutana. Maneno hupanda mnarani, hukaa hewani, hushuka kama mvua.

“Kidole yako nagusa simu,” akasema Bogere. “Simu yake nagusa kidole yake. Hesabu hiyo wewe msomi.”

Wateja wote wakaitazama mikono yangu. Nikaikalia.

Nimejitoa kwenye kundi. Kwa heri, Kalamu Nyekundu! Suala limefungwa.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Suala halijafungwa.

Ramlah amepiga simu akiwa na wasiwasi. Mama yake ameacha kula. Kutwa nzima simu iko mapajani, anaifungua, anaifunga. Yule mjinga wa Jinja amekimbia, anasema, na wote waliobaki kundini ni watu wa kuitikia amina. Hajisikii kupokea wageni. Labda wageni wa Jinja wasubiri mpaka Desemba, au baada ya Ramadhani.

Baada ya Ramadhani! Na Mzee Umar ana rafiki, na rafiki ana mtoto wa kiume, na mtoto ana duka la simenti, na kila Ijumaa mwenye simenti huyo hupita kusalimia akiwa na nanasi. Nanasi jipya kila wiki. Desemba hiyo nitakuta Ramlah amekwishajengewa nyumba.

Nilimwambia Ramlah mama yake atapata mtu mwingine wa kubishana naye.

“Hakuna kama huyo,” akasema. “Mama anasema alikuwa mjinga lakini amesoma.”

Nimeisikiliza sentensi hiyo kichwani tangu asubuhi. Sijaamua kama niudhike.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Nimerudi kundini. Nilitunga mpango wa kidiplomasia: nirudi, niombe radhi, nikubali kushindwa. Mama ale, wageni wapokelewe. Nikaandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba nimetafakari, na kwamba kuhusu “off” yeye ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo.

Maafa! Kalamu Nyekundu akajibu papo hapo: Wewe nani? Shahada ameibiwa simu. Aliyeiokota airudishe kituo cha polisi kilicho karibu.

Nikaapa kwamba ni mimi. Akasema Shahada hajawahi kukubali jambo lolote katika maisha yake. Masaba akaweka picha ya mshumaa. Watu watatu wakaandika poleni kwa msiba!

Jioni Ramlah anasema hali ya mama ni mbaya zaidi. Sasa anaamini yule mtu amekufa, tena kabla hawajamaliza “take over”.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Hapakuwa na njia nyingine. Bismillah, nikashambulia.

Alikuwa ameandika kwamba “take after”, yaani mtoto kufanana na mzazi, ina mantiki safi: “after” ni nyuma, na mtoto hufuata nyuma ya mzazi wake. Nikamwambia kwamba kwa mantiki hiyo polisi naye hufanana na mwizi. Nikamwambia ualimu wake ulikuwa ajali ya serikali. Nikamwambia mengine ambayo siyarudii hapa kwa kuwa daftari hili lina heshima.

 Kisha: Alhamdulillahi, yu hai! Na baada ya hapo aya tano za moto, zenye vifungu a, b na c.

Ramlah amepiga simu akicheka. Mama amekula sahani mbili za matoke na kuuliza kama nyama imebaki. Ziara iko palepale. Ninaiokoa posa yangu kwa kumtukana mama mkwe. Bogere nikimsimulia atafunga duka.

Kuhusu “take after” alikuwa na hoja. Nakiri hapa, na ungamo hili halivuki jalada.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Kanzu imekuja kutoka kwa fundi. Ndefu kidogo. Nilikwenda dukani kumwambia Ramlah ukweli wote. Nikafika katikati ya neno “nilikuwa”, akaingia mteja wa dawa ya kikohozi. Nikaichukua hiyo kuwa ishara.

Vita vinaendelea. Leo nimeitwa tena kuku. Sahani mbili.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mbale. Hema, viti vya plastiki, mlima umefunikwa na mawingu. Naandika hapahapa, daftari juu ya goti. Wazee wangu wanadhani natunga hotuba.

Yaliyotokea ni haya. Tulipokelewa vizuri. Mbele yetu baraza la nyumba, na mlangoni pazia la kijani. Nyuma yake ndiko aliko mama. Shangazi Namono, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, ndiye mbeba maneno. Msemaji wetu akaanza hotuba. Ikawa ndefu. Akafika kwa babu yetu, akakaa hapo.

Mfukoni mwangu, laini ya bando ikalia. Ting! Nikachungulia chini ya kanzu. Kalamu Nyekundu kwenye kundi: Nimekaa nasikiliza hotuba isiyo na mwisho. Shahada, niokoe. Leo tuzungumzie “take up”.

Ningeizima. Naapa nilikuwa naizima. Lakini papo hapo akaongeza: Amenyamaza. Nilijua hilo hawezi.

Hilo siwezi? Hilo siwezi! Vidole vikajibu kabla akili haijaitwa. Nikabonyeza kutuma, na nyuma ya pazia la kijani, katika ukimya ambamo msemaji wetu alikuwa anavuta pumzi, kitu kikalia: ting!

Nikaiminya simu chini ya kanzu.

Kundini ikaingia herufi moja ya Kalamu Nyekundu: A. Mfuko wangu ukalia. Ikaingia B. Ukalia. Ikaingia C, na safari hii wazee wote waligeuka kunitazama. Pazia likatikisika. Kikatoka kikohozi kimoja, kile cha mwalimu mkuu anayeingia darasani penye kelele.

Shangazi Namono akaitwa ndani. Akatoka, mikono kiunoni.

“Nyinyi watu ya Jinja! Mwenye nyumba nauliza, hiyo simu nalia ni ya nani?”

Hapakuwa na pa kujificha. Nikanyoosha mkono, kama Apollo.

“Ya bwana mwenyewe?” Akarudi ndani. Nyuma ya pazia, minong’ono. Kisha kitu ambacho sikuweza kukitambua, kama mtu anayezuia chafya au anayezuia jambo kubwa zaidi ya chafya. Ramlah, aliyekaa mkekani na binamu zake, alinitazama, akalitazama pazia, akanitazama tena, taratibu akajifunika uso wote kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui kwa kicheko au kilio.

Shangazi akatoka tena. “Mwenye nyumba nasema, mambo ya ng’ombe isimame kwanza. Watu wapewe chai.” Akaninyooshea kidole. “Na wewe. Nasema hiyo simu usizime.”

Basi watu wanakunywa chai. Mzee Umar anamsimulia mjomba wangu bei ya matairi. Hajui lolote, mtu wa raha. Na simu imelia mara nyingine. Si kundini, ni kwangu peke yangu. Na si kwa Kiingereza.

Thibitisha kwamba unamfaa binti yangu. Mimi nitapinga.

Hilo tu. Mada bora kuliko zote nilizowahi kupewa, na mpinzani ninayemfahamu, na hadhira imekaa. Nimeandika hoja ya kwanza, kuhusu elimu yangu. Nimeifuta. Nimeandika ya pili, kuhusu ukoo. Nimeifuta. Yeye huko nyuma ya pazia anaona tu simuni kwamba naandika, naacha, naandika. Vikombe vinaanza kukusanywa. Shangazi Namono amechungulia, ameuliza kwa nyusi. Nimemwonyesha kidole kimoja: bado. Nimefuta ya tatu. Ramlah ameshusha mtandio, ananitazama, nami nimeanza upya, neno moja tu, jina lake, na baada ya hapo nukta, nikatuma.