Baba Aliniita, Nikasema Ni Simu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Alhamisi, sababu yake utaiona. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, fundi wa mapazia, sina mume wala mtoto, naishi nyumba moja na baba yangu mzazi, kaka yangu na mkewe. Sinywi, sivuti, sina makundi. Kilichonishika ni mchezo wa kwenye simu, na najua utacheka, hata mimi mwanzoni nilicheka.

Mchezo wenyewe ni wa kijinga. Kuna gogo linazunguka, wewe una visu, ukigusa kioo kisu kinaruka kinachoma gogo, na sharti ni moja tu, kisu chako kisigonge kingine kilichokwisha kuchoma. Kikigonga umekwisha, unaanza upya. Hakuna hadithi, hakuna kuwaza, ni jicho na kidole gumba. Lakini mshauri, lile gogo linakwenda, linasita kidogo, halafu linageuza upande, na wewe nafasi unaiona kabisa, ukikosa unakosa kwa unywele, hukosi kwa mbali hata siku moja, kwa hiyo unasema hiyo ilikuwa bahati mbaya, ngoja moja tu, na kitufe cha kuanza upya kiko palepale kidole kilipo. Mzunguko mmoja haufiki nusu dakika. Nani atajinyima nusu dakika?

Nilianzia hospitalini. Baba alipopata kiharusi nilikaa siku kumi na moja kwenye benchi nje ya wodi, na mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe ndiye aliyenionyesha, akaniambia, "Huu unakula mawazo, mdogo wangu." Kweli ulikula. Nikiwa narusha visu siwazi kama baba atapona au hatapona, nawaza gogo.

Baba alikuwa mpiga mnada. Miaka thelathini na mbili alisimama juu ya meza akiuza makabati, vitanda na majokofu ya watu, bila kipaza sauti, na mtaa wa pili walijua kinachouzwa ni nini. Nyumbani hakujua kunong'ona, hata siri aliisema kama tangazo. Alivyorudi kutoka hospitali mkono wa kulia hauna nguvu na mdomo hautoi hata neno. Anaelewa kila kitu, ukimtania macho yanacheka, ila neno halitoki. Tukapewa mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, bwana mmoja mpole mwenye miwani, anakuja kila Alhamisi, siku nyingine mazoezi nafanya mimi saa tisa alasiri, maana kazi yangu naifanyia nyumbani, cherehani iko sebuleni. Nainua kadi yenye picha, kikombe, kiatu, ufunguo, nasema jina la kitu, halafu nanyamaza. Kwenye kunyamaza ndipo mtaalamu alipokazia. "Mpe muda," alisema. "Hesabu moyoni mpaka ishirini. Usimsaidie. Akisema neno la kwanza liandike kwenye daftari, na tarehe."

Ishirini ni ndefu, mshauri. Kumtazama mtu mwenye sauti ile akifungua mdomo, shingo inakaza mishipa, hakitoki kitu, mate yanateremka kidevuni, naye anakutazama kama vile wewe ndiye uliyeificha sauti yake mahali. Wiki ya kwanza niliweza. Wiki ya pili nikagundua kwamba ishirini ni sawasawa na mzunguko mmoja wa gogo. Nikaiweka simu mapajani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimefika hatua ya mia mbili na kumi, ambayo sikuwahi kuifikia, kadi ya ufunguo nimeinua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unarusha, kimebaki kisu kimoja. Nikasikia, "Chiriku."

Hilo ni jina langu la nyumbani. Alinipa baba kwa kuwa utotoni nilikuwa sifungi mdomo, na anayeniita hivyo ni yeye tu. Halikutoka vizuri, lilitoka vipande, chi, kimya, halafu riku, lakini lilikuwa hilo. Na mimi bila kuinua uso nikamjibu, "Ngoja baba, kimebaki kimoja." Nikarusha. Kikaingia. Simu ikapiga vigelegele.

Ndipo nikainua uso. Baba ananitazama, shavu la upande mzima limepanda, anatabasamu. Papo hapo wifi yangu akatokeza mlangoni na beseni la nguo. "Nani kaongea humu? Ni baba?" Nikaona nikisema ndiyo ataniuliza amesema nini, nami nimemjibu nini, na simu hiyo inang'aa mapajani. Nikasema, "Aa, wapi wifi, ni simu hii."

Akaenda zake kuanika. Baba alisikia. Akageuzia uso dirishani, na leo ni siku ya kumi na mbili hajafungua mdomo tena, nikiinua kadi anaisukuma kwa ule mkono mzima, si kwa hasira, anaisukuma kama mtu aliyeshiba anavyosukuma sahani.

Kwenye daftari nimeandika "bado". Kaka akirudi kazini swali lake la kwanza ni, "Vipi, hajasema?" namjibu bado, ananipiga bega, ananiambia, "Pole dada, unajitahidi sana." Hiyo pole inanichoma kuliko matusi. Na mtaalamu amesema Alhamisi hii ikiwa bado hakuna neno atamletea ubao wa picha awe anaonyesha kwa kidole, na yeye atapunguza kuja, mara moja kwa mwezi, kwa kuwa ana wagonjwa wengine wanaosubiri. Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba baba anaweza.

Mchezo nimeufuta mara tatu, mara tatu nimeurudisha. Sasa nacheza nimejifungia bafuni, bomba nimelifungua. Juzi nimeshona pindo la pazia la mteja upande wa nje. Nikifumba macho gogo linazunguka.

Nishauri. Je, nikizidisha mazoezi mpaka aseme tena, siwezi kuandika hilo ndilo la kwanza, mambo yakaisha bila kumuumiza mtu? Na huu mchezo nautoaje mwilini?

Fundi wa mapazia

*

Fundi,

Barua yako niliipata Jumatatu na ukurasa huu hutoka Jumamosi, kwa hiyo nilikupigia simu. Wasomaji hawakusikia tuliyozungumza, na wengi wao gogo hilo wanalo mfukoni, basi nayarudia hapa.

Nianze na mchezo, kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi. Niliupakua niuone. Nilikusudia dakika tano. Nilipoinua kichwa chai imekuwa maji ya baridi na mhariri amenipigia mara mbili sijasikia. Kwa hiyo sikucheki. Kitu kile kimetengenezwa na watu wanaojua kwamba aliyekosa kwa unywele atarudi, na aliyekosa kwa mbali ataondoka. Hukuwa mjinga kushikwa. Na pale kwenye benchi la hospitali, ukiniuliza mimi, hukukosea kitu. Ulihitaji pa kuweka macho.

Lakini uliyaondoa macho kwa baba ili usimwone akihangaika, na hapo sikufichi, ulimwacha peke yake ukiwa umekaa mbele yake. Yeye alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko zote alizofanya maishani, na mtu pekee aliyekuwa naye chumbani alikuwa anafanya mambo mengine.

Hata hilo lingesameheka. "Ngoja baba" ni neno ambalo kila mzazi amelisikia. Kilichomfunga mdomo, kwa nionavyo mimi, ni hilo la pili. Mtu amevuta jina la mwanawe kutoka huko lilikozama, akalifikisha, na mwenye jina akasema mbele yake kwamba ile ni sauti ya simu. Wewe ungejaribu tena? Kesho yake? Kwa kadi ya ufunguo?

Na ule mpango wako wa kuandika neno lingine kuwa la kwanza, uache kabisa, nakuambia kwa ukali. Huo ni uongo wa pili unaotaka kumvika mtu asiyeweza kukubishia. Isitoshe mtaalamu anapanga matibabu kwa kutazama daftari lako. Ukiandika "bado" anaamini bado. Unaona aibu, sawa, aibu yako haina haki ya kumpunguzia mzee siku za mazoezi.

Nilikuambia uanze na baba mwenyewe, kabla ya kaka, kabla ya mtaalamu. Simu iwe chumba kingine. Ukae upande anaokuona vizuri, umwambie kwa maneno mafupi: uliniita, nilikusikia, nikasema ni simu, nilidanganya. Usimwombe msamaha kwa namna ya kumdai jibu, maana jibu hana, utakuwa umempa zoezi jingine. Usimwombe alirudie hilo jina. Useme, unyamaze. Kisha umwite wifi yako, umwambie mbele ya baba kwamba siku ile aliyeongea alikuwa baba. Hilo baba alipaswa kulisikia kwa masikio yake, kama alivyolisikia lile la kwanza.

Ulilia kwenye simu ukaniuliza, "Na kaka je?" Kaka utamwambia jioni akirudi, mkiwa wawili, na akikasirika umwache akasirike. Hasira ya siku mbili haijavunja undugu wa mtu.

Ukanitumia ujumbe Ijumaa, na umeniruhusu niutaje. Baba alikusikiliza mpaka mwisho, akakutazama muda mrefu, halafu akafumba macho akalala. Basi. Kaka hakusema nawe siku nzima. Mtaalamu Alhamisi alisoma daftari ulivyolisahihisha, akavua miwani, akakuuliza mara tatu neno lilitoka vipi, akauacha ubao wa picha ndani ya gari. Ataendelea kuja kila wiki. Kadi alizoonyesha siku hiyo baba hakuitamka hata moja.

Na Ijumaa asubuhi ulikuwa kwenye cherehani, wifi yako anafagia chumbani kwa baba, anapitisha ufagio chini ya miguu yake kama kawaida yake, mara ukasikia sauti nzito, "Toka!" Wifi akatoka mbio, ufagio mkononi, anacheka na kulia, anapiga kelele, "Kanifukuza! Baba kanifukuza!" Ukaandika ulilia, na kwamba katika kulia kwako kulikuwa na wivu kidogo, kwa nini liwe la wifi.

Fundi, limekuwa la wifi kwa sababu wifi ndiye aliyekuwa anamkera. Lifurahie hivyo hivyo.

Sasa yaliyobaki. Usijiapize kwamba hutacheza milele. Umeshafuta mara tatu, viapo vyako tunavijua. Saa tisa kasorobo simu iende kwa wifi, irudi mazoezi yakiisha. Bafuni iwe marufuku siku zote. Zile hesabu ishirini usihesabu moyoni peke yako, mshike ule mkono usio na nguvu, na kila namba umbonyeze kidogo kiganjani ili naye ajue muda unakwenda na bado upo. Mtaalamu umemuuliza, amekubali. Kutakuwa na siku za kadi kumi na kimya kumi. Utachoka. Ukichoka mwambie kaka akae yeye siku hiyo, ajue ishirini ina urefu gani.

Na jina lako msilitajetaje mbele yake kumchokoza. Anajua lilipo. Siku atakayolitoa tena huenda ukawa jikoni, huenda sindano iko katikati ya kitambaa cha mtu, huenda ni wakati mbaya kuliko wote. Acha ulichoshika, nenda alipo, umtazame, uitike kama ulivyofundishwa kuitika: "Abee, baba."