Mkanda Uliojifunza Woga

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua wewe barua huzisoma umesimama mlangoni, mkoba ungali begani, kwa hiyo kabla ya yote nakuomba ukae. Hujambo lakini? Goti limepunguza kuuma? Na yule jirani yako wa juu anayeburuta viti, amehama au bado mnavumiliana? Sisi huku wazima. Kikohozi kimemwacha Baba, na Mama ana afya na anazidi kunenepa, ila usimwambie kwamba ni mimi niliyekuandikia hivyo.

Uliniuliza mambo mawili: kama bado najificha jikoni wageni wakija, na ninafanya nini tangu nimalize shule. La kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili ni refu, na ndilo lililonikalisha mezani leo.

Niko karakana kwa Mjomba. Bila shaka unamkumbuka, kaka yake Mama, yule aliyekutengenezea redio ikaimba vizuri sana na skrubu tatu zikabaki mezani. Ni huyo huyo, ila siku hizi anatengeneza vifaa vya hospitali na vya viwandani. Karakana yenyewe ni chumba kirefu nyuma ya ghala la matairi, kina meza mbili, feni moja, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ambayo haitoki kwenye nywele hata nizioshe vipi. Tuko watatu. Yupo Mjomba, nipo mimi, na yupo fundi mmoja kijana tunayemwita Waya kwa sababu ya wembamba wake. Mdomo wa Waya haujawahi kupata likizo. Mimi kazi yangu ni kulehemu vipande vidogo vidogo, maana mikono yangu haitetemeki mradi asiwepo anayenitazama.

Shangazi, kuna vidude hapa vinaitwa vihisi, na tangu nivijue sijaacha kuvifikiria. Kimoja hakizidi ukucha wa kidole gumba. Hakifanyi mambo mengi, kinahisi kitu kimoja tu, labda joto, labda mtikisiko, halafu kinapeleka habari hewani hadi kwenye kompyuta iliyo chumba kingine, bila waya wowote. Mjomba amevibandika kwenye mota za kiwanda cha unga. Mota ikianza kuumwa ndani kwa ndani, kabla binadamu hajasikia chochote, kihisi kinakuwa kimeshasema.

Nilijiuliza muda mrefu: kitajuaje kwamba mtikisiko huu ni mbaya na ule ni mzuri? Sikumuuliza mtu, unanijua. Nilingoja mpaka mteja mmoja akauliza kwa niaba yangu. Kumbe hakijui kitu. Kinafundishwa. Unakiweka kwenye mota, unakiacha kiisikilize mpaka kishike kawaida yake. Baada ya hapo, mota ikitoka nje ya kawaida hiyo, kinapiga kengele. Nilifurahi siku nzima kwa kulijua hilo.

Sasa nikueleze habari ya mkanda. Mkanda ulianzia kwa Bibi, mama yake Mjomba. Alipolazwa mwaka jana walimwekea mashine ya kufuatilia moyo, nyaya tele kifuani, hawezi hata kugeuka. Akasema wamemfunga kama mzigo wa kuni. Alipotaka kwenda msalani akazing'oa zote kwa mkupuo mmoja. Mashine ikalia, wauguzi wakaja mbio wakidhani ameshatutoka, wakapishana naye kwenye korido akitafuta ndara zake. Tulicheka wote isipokuwa Mjomba. Wazo lilimwingia pale pale: mkanda laini wa kuvaa kifuani, wenye kihisi kimoja, unaopeleka mapigo ya moyo kwenye skrini ya wauguzi kwa njia ya hewa. Wadi ile ina mashine mbili tu za nyaya. Mikanda ingeweza kumfikia kila aliyelala pale.

Hakutaka namba kwenye skrini. Kila kitanda kina duara lake, likiwa la kijani mambo ni ya kawaida, likiwa jekundu si ya kawaida. Alisema muuguzi mwenye wadi nzima mikononi hana muda wa kusoma hesabu.

Mkanda nao ulipaswa kufundishwa, kama vile vihisi vya kwenye mota, na alihitajika mtu mwenye afya njema. Mjomba ana dawa zake za presha. Waya hawezi kutulia hata akifungwa kamba. Nikabaki mimi. Mama alinifunga mkanda chini ya blauzi, nikakaa kwenye kiti katikati ya karakana, na vijana wa ghala la matairi wakaja kushuhudia.

"Tabasamu basi, unapigwa picha!" Waya akasema.

"Mwache. Wewe kaa tu kawaida, mama," Mjomba akaniambia.

Shangazi, mtu akiniambia nikae kawaida huku watu wamenikodolea macho, hata kupumua nasahau kunavyofanywa. Lakini nilikaa mpaka mwisho. Baadaye tuliujaribu mara nyingi, kila mara mimi kwenye kiti kile kile, na kila mara duara likawa la kijani. Mjomba akapiga makofi peke yake.

Tukaupeleka hospitalini. Muuguzi mkuu wa wadi ile ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, na akipita, hata wanaokohoa hukohoa kwa adabu. Akauvaa yeye mwenyewe kwanza. Duara likawa jekundu. Akavalishwa mzee wa kitanda cha dirishani, dereva mstaafu wa malori ambaye alikuwa anangoja ruhusa ya kwenda nyumbani. Jekundu tena.

"Nyekundu maana yake nini?" mzee akauliza.

"Moyo unapiga taratibu kupita kawaida," Mjomba akasema, akisoma onyo kwenye kompyuta yake, jasho likimtoka.

"Yaani nakufa?"

"Hapana, mzee wangu."

"Basi uambie huo mkanda uniombe radhi, maana mke wangu yuko nje ameleta nguo za kuondokea."

Muuguzi mkuu akamshika mzee kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu. Moyo ulikuwa sawa kabisa. Akauvua mkanda, akaukunja vizuri, akamrudishia Mjomba. Alisema wauguzi wake wakikimbizwa na kengele za uongo watazizoea, na siku ya kengele ya kweli hakuna atakayenyanyuka. Akatupa wiki moja. Mambo yakiwa yale yale, hospitali ingebaki na nyaya zake, na Mjomba arudi kwenye mota.

Wiki ile Mjomba alizeeka. Waya alishikilia kwamba kuta za hospitali zinameza mapigo njiani, hayafiki yote kwenye skrini. Tukainua antena, tukabadilisha betri, nikalehemu upya kila kiungo. Waya alipouvaa, jekundu. Kijana wa matairi, jekundu. Mimi, kijani. Waya akasema mkanda umenipenda, na mimi nikainamia kazi yangu kwa aibu, nisiwaze zaidi ya hapo.

Nilikuja kuwaza kiwandani. Mjomba alikwenda kufunga kihisi kwenye mota mpya, mimi na Waya tukamsaidia kubeba vifaa. Siku hiyo nafaka ilikuwa mbichi na mashine ilikuwa imekabwa, inaguna hadi sakafu inatetemeka. Msimamizi akataka kihisi kifundishwe papo hapo. Mjomba akakataa. "Ukikifundisha leo kitaamini kuguna huku ndiko kawaida. Mashine ikija kupona, kitakulalamikia kwamba inaumwa."

Nilisimama pale na unga kwenye kope, nikaelewa kila kitu.

Kwenye gari nilisema, "Mjomba." Akaitika, "Naam, mama?" Nikasema hakuna kitu. Nilikuwa na sababu mbili. Waya alikuwa kiti cha mbele, na kulisema lile ni kusema kwamba nawaogopa, wao wanaonichekesha na kunifundisha kazi kila siku. Na kama nimekosea, nitakuwa nimempa Mjomba tumaini la bure wakati amebakiwa na siku moja. Basi nikanyamaza, na siku ikafika.

Wadini kulikuwa vile vile. Waya alipanda juu ya kiti na antena mkononi kama anayetafuta stesheni ya redio. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo mgonjwa mwingine, lakini yule mzee wa malori naye alikuwepo. Alikuja kuchukua dawa akasikia tumerudi, akasema hili halipitwi. Akajitolea kuuvaa. Jekundu. Muuguzi mkuu hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma. Alimwambia Mjomba kwa upole kabisa kwamba anamshukuru kwa kuwafikiria, achukue vitu vyake. Mjomba akaanza kukunja waya wa chaja taratibu sana, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Nikasema, "Naomba niuvae."

Sauti ilitoka ndogo. Ilibidi nirudie. Wote wakanigeukia, wagonjwa, wauguzi, Waya juu ya kiti chake. Muuguzi mmoja akanivutia pazia, nikauvaa, nikatoka. Duara likawa la kijani.

"Tumeshalijua hilo," Waya akasema. "Wewe na huo mkanda ni ndugu."

Nikamnyooshea muuguzi mkuu mkono wangu. "Naomba unihesabu."

Akanishika kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa. Niliona nyusi zake zikipanda. "Mia moja ishirini na nne," akasema. "Mtoto, unaumwa?"

"Hapana. Naogopa."

Hakuna aliyecheka. Ikabidi niendelee, Shangazi, na sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema siku ile ya kufundisha niliogopa hivi hivi, na kila tulipojaribu niliogopa hivi hivi, kwa hiyo mkanda haujui moyo mwingine ila moyo wa mtu anayetazamwa. Nikasema haujakosea kuhesabu hata pigo moja, sisi ndio tuliufundisha siku mbaya, kama ile mota.

Halafu yule mzee akapiga paja lake. "Kumbe humu ndani mzima ni mimi!"

Wadi nzima ikaangua kicheko, na Mjomba akakaa chini kwenye kitanda kitupu, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nimekaa miaka yote hii," akasema, "nikaufundisha mkanda kuogopa wageni."

Muuguzi mkuu alikuwa bado ameushika mkono wangu. Alisema jambo ambalo Mjomba ameliandika kwa chokaa kwenye ukuta wa karakana. Alisema mota ina siku yake nzuri, unaweza kuingoja, lakini anayelazwa hapa amekuja siku yake mbaya, huwezi kuufundisha mkanda kwake wala kwa mtu mmoja mwingine. Kwa hiyo mipaka ya kila kitanda ataipanga daktari, na mkanda usomeshwe kwa watu wengi, wazee kwa vijana, wenye hofu na wasio na hofu. Namba nazo zirudi kwenye skrini, kusoma anajua. Ametupa vitanda viwili, kila kimoja kikiwa na mashine ya nyaya pembeni, tulinganishe. Si wadi nzima, ila tumeingia.

Alipomaliza kusema hayo akatazama saa tena. Kumbe muda wote alikuwa ananihesabu. "Tisini," akasema. "Unaona?" Ndipo akaniachia.

Kwenye gari Waya hakutia neno mpaka tulipokaribia ghala. Halafu akaniuliza, "Na mimi pia unaniogopa?" Nikamwambia, "Wewe ndiyo zaidi." Hakuongea tena hadi jioni. Mjomba anasema tukitaka kazi iende haraka itabidi nimwambie hivyo kila wiki.

Sasa natafuta watu. Mjomba amesema anayejua jinsi mkanda ulivyokosea ndiye atakayejua kuusahihisha, basi nimepewa kazi ya kugonga milango. Nimeanza na mwenye duka la vioo hapa chini. Nilisimama nje ya mlango wake muda ambao sitaki kuutaja, mpaka akatoka mwenyewe akidhani nataka kioo. Nimegundua kwamba watu wote mkanda huwashtua mwanzoni, hata wale wenye sauti kubwa. Kwa hiyo kwanza nazungumza nao, nawaacha waniulize maswali, na ninaanza kupima wakishasahau kwamba wamevaa kitu. Inanichukua muda, lakini sijui njia nyingine, na Mjomba haniharakishi.

Nina ombi, Shangazi. Uko mbali na mkanda hauwezi kukufikia, ila moyo wako nautaka kwenye hesabu zetu. Asubuhi moja kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, tazama saa, uhesabu dakika nzima. Usimwambie mtu, asiwepo wa kukutazama. Kisha uniandikie namba hiyo na saa yenyewe. Nataka kujua unavyopiga ukiwa peke yako.

Bibi anakusalimu sana na anasema nyaya hazivai tena. Mjomba anakusalimu na anaulizia redio. Baba na Mama wanakusalimu, na wadogo zangu wanadai picha. Nisalimie mume wako na binamu zangu wote, hasa yule wa mwisho anayeanza kusoma.

Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi mzuri na goti lisilokusumbua.

Ni mimi mwanao nikupendaye hata nikiwa kimya,

Konokono wako.