Kijito cha Kwenye Ramani

Jumatatu, 3 Machi. Masereka.
Nimekama. Maziwa kidogo, baridi kali. Nikamkuta Kakule, mtoto wa baba mdogo, kwenye kijito. Ndiyo mpaka wetu tangu babu alipowagawia baba zetu malisho. Ana nakala ya ramani ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji. Anasema kijito kilihama; zamani kilipita upande wangu. Kwa hiyo pahali ninaponyweshea ng'ombe ni pake. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi.
Kakule ameng'oa mimea ya mpaka kando ya kijito. Yote. Babu aliipanda kwa mkono wake.

Jumapili, 9 Machi.
Misa. Alikaa nyuma yangu. Wakati wa kupeana amani nilitazama altare.

Jumanne, 11 Machi.
Mbele ya chef wa kijiji. Kakule akatikisa karatasi yake ya ramani: «Carte haina ndugu, chef. Tufwate carte, basi.» Wazee wakakubali. Tukatia sahihi wote wawili kwamba mpaka ni wa ramani. Nimepoteza maji. Namchukia.

Ijumaa, 14 Machi. Butembo.
Karatasi ya Kakule ilikatwa sehemu ya chini. Nikashuka kwa pikipiki hadi bureau ya ardhi, nione nzima. Karani akaitandaza, akafuata mstari wa bluu kwa kidole. Juu, Kakule ana haki. Chini, kijito kinapinda kwake, kinapita nyuma ya nyumba aliyojenga. Nyumba, ua, viazi: vyote upande wangu. Nilicheka peke yangu mbele ya watu.

Jumatano, 19 Machi.
Chef amekuja kupima. Ni kweli. Akatusihi turudie mpaka wa babu. Kakule alikubali upesi, jasho usoni. Nikamwambia: «Hapana. Ulisema carte haina ndugu.» Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 29 Machi.
Wamehama. Amejenga kibanda huko juu, kwenye maji yake. Mke wake alipita na godoro kichwani, hakunisalimu. Vizuri. Ng'ombe wangu wanalala uani kwao.

Jumapili, 6 Aprili.
Manyunyu tangu asubuhi. Kakule alisimama nje ya uzio na jembe. Mama yake amezikwa uani pale. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama yangu alipokuwa mgonjwa.
«Yaya, kaka yangu, naomba ruhusa. Nimpalilie mama kaburi.»
Nilikwenda kwanza kumwamsha ng'ombe aliyelala juu ya kaburi.