Viroba vya Pumba Kwenye Kona

Jumanne, 3 Februari

Mvua tena. Barabara ya Kibaoni imekuwa uji. Nimeanguka mara mbili, na Mwalimu Polikarpo, anayenifundisha mbio, akasema basi, nje hatukimbii tena. Ana wazo. Mzee Remigius, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ana ghala ambalo liko tupu mpaka mavuno. Mashindano ya mwezi ujao huko ng'ambo ni ya ndani, chini ya paa, kwa hiyo nizoee paa! Anasema uwanja wa huko ni nusu ya ule wa kawaida na kona zake zimeinuliwa upande wa nje. Nani kwetu amewahi kuona kona iliyoinuliwa? Amezitengeneza mwenyewe: viroba vya pumba, vimepangwa kwa mteremko, juu turubai. Nilicheka. Halafu nikakimbia, na kweli mguu unajifunza kuegemea.

Mita elfu moja na mia tano, na mwanamke anayekwenda kutoka kwetu ni mimi. Nikiandika hivyo mkono bado unasita.

Alhamisi, 12 Februari

Ghala halina dirisha. Mlango mmoja tu. Nyuma ya ukuta mashine inakoboa tangu asubuhi. Nikikanyaga viroba, vumbi linafuka kwenye mishono na kubaki hewani. Nikipenga kamasi — kahawia. Nimemwambia Mwalimu kifua kinawasha. Akasema hewa ya ndani huko ni kavu, kila mtu anakohoa, ndiyo maana tunazoea mapema. Hakosi jibu huyu. Lakini ndiye aliyeniokota kwenye michezo ya shule za msingi, nakimbia peku na sketi ya shule, na hajaniacha tangu siku hiyo. Nitabishana naye vipi?

Jumapili, 1 Machi

Padre amenitaja kanisani. Watu wamegeuka, vigelegele, na mimi nakohoa kwenye leso. Mama amesikia. Nyumbani amenipa tangawizi na asali, akasema hicho kifua si cha mafua, nenda ukapimwe. Nikamwambia wakinipima wakakuta kitu, sisafiri. Akachukua kikombe, akaenda kukiosha. Afadhali angenigombeza.

Agnetha, mdogo wangu, alikuwa sebuleni amevaa viatu vyangu vya misumari. Mwaka jana vilimpwaya. Sasa vinamtosha kabisa, na anataka nijue.

Jumatano, 18 Machi

Tumefika. Baridi ya kuuma meno. Mji sitauelezea, nimeuona kupitia dirisha la basi tu. Uwanja — ukumbi mkubwa, taa nyeupe, njia inadunda chini ya mguu. Na safi! Nimepitisha kidole kwenye kona, hakuna hata chembe. Wasichana wengine wanapumua midomo wazi, hawana wasiwasi. Nimewaonea wivu, si kwa viatu vyao, kwa hewa.

Mwalimu aliipapasa ile kona kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema unaona, ni ile ile yetu. Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Ijumaa, 20 Machi

Mchujo. Nimepita! Fainali Jumapili.

Na nashindwa kufurahi. Tulianza polepole, viwiko mbavuni, njia nyembamba. Kwenye kona miguu yangu ilijua kazi yake, hilo simnyimi Mwalimu. Wengine walisukumwa nje, mimi nikapita ndani. Kisha ikalia kengele ya mzunguko wa mwisho na kifua kikafunga. Si kuchoka. Kuchoka nakujua. Hewa ilikuwa tele na haikuingia. Nilimaliza wa tatu huku naona giza pembeni. Nikainama nyuma ya mabango, nikakohoa, leso ikatoka na damu. Kidogo. Lakini ni damu.

Mwalimu alikuwa kwenye simu, redio ya nyumbani inamhoji. Nilimsikia mwenyewe akisema: Siri yetu ni ghala, na sasa mabinti wote wa Ifakara wanafanya mazoezi ghalani.

Wote?

Nikawasha simu yangu. Ujumbe wa sauti, Agnetha. Dada umepita, tumesikia redioni, Mama analia. Na sisi tumeanza kwenye ghala la Mzee Remigius, mimi na wenzangu wa darasani, kila jioni. Kona naziweza, dada, ukirudi nitakupita. Kisha akakohoa.

Nimeurudia ujumbe ule mpaka chaji imepungua. Ni kikohozi kile kile, kikavu, kinatoka chini ya mbavu. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa leso yangu.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari wa mashindano. Msimamizi mmoja aliiona leso jana, akaandika namba yangu ya kifuani. Lazima nipimwe ndipo nikimbie kesho. Daktari hajui Kiswahili. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Atatafsiri Mwalimu.

Njiani aliniambia niseme ni mafua tu, ya baridi ya huku. Alisema kwa upole. Nikamwambia Mwalimu, Agnetha anakohoa. Akasema ni msimu wa mvua, watoto wanakohoa. Nikamwambia ni pumba, Mwalimu. Akavua kofia, akaivaa tena. Levina, akasema, Ifakara nzima inakusubiri. Akatangulia mpaka hapa.

Nampenda mzee huyu. Na nina hasira naye.

Nimempigia Mama — hapatikani. Nimemwandikia Agnetha: msiingie ghalani, leo wala kesho, waambie na wenzako. Tiki moja tu, haujamfikia. Labda umeme umekatika. Huko ni jioni sasa. Watakuwa wanavua ndala mlangoni.

Nikisema mafua, kesho nakimbia, na nikikimbia vizuri ghala litajaa. Nikisema pumba, sikimbii, na neno lenyewe litapitia mdomoni kwa Mwalimu. Alifikishe au alimeze, mimi nitajuaje? Mchele kwa Kiingereza nakumbuka. Vumbi nimelitafuta kwenye simu, nalikariri hapa kimyakimya. Kwa pumba, simu imeniletea maneno matatu na sijui lipi ndilo.

Mlango umefunguka. Wameita jina langu, wamelikosea. Mwalimu ameshasimama, ameweka koti vizuri, ameingia mbele yangu na tayari anamsalimia daktari, anacheka naye kidogo.

Bado tiki moja.